Badili gia, abiria asijue

Abiria aliyesimama ndani ya Coaster iliyojaa ni mtahini mkali kuliko trafiki yeyote. Hana kitabu wala filimbi. Ukibadili gia vibaya anayumba, anamdaka jirani yake begani, halafu anatupa jicho mbele kumtafuta aliyeshika usukani. Niliendesha njia ya Morogoro kwenda Kilosa kwa miaka kabla ya kuhamia kwenye kufundisha, na mpaka leo nikiwa kiti cha kushoto na mwanafunzi sihangaiki kutazama mkono wake. Natazama shingo yangu. Ikitulia, amebadili vizuri.

Wengi wanaokuja kwangu wameanzia kwenye gari za oto, zinazobadili gia zenyewe. Sasa wamepata kazi, ofisi imewakabidhi Hilux ya gia, na hakuna pa kukimbilia. Wanakuja wakiamini tatizo liko mkononi, kwa hiyo wanaing'ang'ania gia mpaka vidole vinauma. Mkono hauna kesi. Kesi iko kwenye spidi, na hakimu wake ni mguu wa kushoto.

Ndani ya gari ya gia kuna spidi mbili zinazoishi pamoja bila kuulizana. Injini inazunguka kadiri unavyoikanyagia mafuta. Magurudumu yanazunguka kadiri gari inavyokwenda. Katikati ipo klachi pleti, sahani iliyobanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, kwa nguvu ya springi. Ukikanyaga klachi sahani inaachiwa, kila upande unakwenda kivyake. Ukiinua mguu inabanwa tena, na hapo pande zote mbili zinalazimika kuwa na spidi moja, zitake zisitake. Zikiwa zimepishana sana, mzito anamburuza mwepesi. Mzito ni gari. Ule mshtuko unaokupeleka mbele ni injini inayoburuzwa ghafla na karibu tani nzima ya bati na watu.

Umeshamwona konda akidandia daladala inayoondoka? Hasimami akadaka mlango. Anakimbia kwanza sambamba na gari, na spidi zikishalingana ndipo anaweka mguu ngazini, wala hatikisiki. Asiyejua anadaka bomba akiwa amesimama: mkono unavutwa, ndala inabaki barabarani. Injini nayo inatakiwa ikimbie sambamba na magurudumu kwanza, klachi ije baadaye. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema hapa ungeweza kuyafikia mwenyewe.

Corolla ninayofundishia ni ya petroli, injini ya lita moja na nusu, gia tano. Kwenye gia ya kwanza injini inazunguka karibu mara tatu na nusu ili kinachotoka kwenye giaboksi kizunguke mara moja. Ya pili ni kama mara 1.9, ya tatu 1.3, ya nne inakaribia moja kwa moja, ya tano iko chini ya hapo. Sasa angalia mapengo. Ukitoka ya kwanza injini ikiwa kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, gia ya pili inaitaka ishuke mpaka 1350 hivi. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, inatoka 2500 kwenda 1700. Kutoka ya nne kwenda ya tano, ni 2500 kwenda 2100 tu. Ndiyo sababu kila mwanafunzi ananililia kuhusu moja kwenda mbili, na sijakutana na aliyenililia kuhusu nne kwenda tano.

Mguu wa kushoto

Waalimu wengi wana wimbo mmoja: "Achia klachi taratibu." Siukubali. Pedali ya klachi ina safari ndefu, lakini sehemu yenye kazi ni ndogo, kama upana wa vidole viwili. Chini ya hapo klachi bado haijashika chochote. Juu ya hapo imeshashika yote. Ukienda taratibu safari nzima utachelewa makutanoni, mguu utachoka, na klachi itakaa ikisuguana muda mrefu bila sababu. Inua haraka mpaka inapoanza kushika, ganda hapo, kisha malizia. Taratibu ni ya vidole viwili vile tu.

Tatizo ni kwamba vidole viwili hivyo havina alama. Kila gari ina pake. Gari ambayo klachi yake ni mpya mara nyingi inashika chini, iliyochoka inashika juu kabisa karibu na mwisho. Kwa hiyo gari usiyoijua, hata kama umeendesha miaka ishirini, jipe dakika mbili uitafute.

Nenda uwanja tambarare, asubuhi kabla jua la Morogoro halijaamua kuwafundisha nyote wawili. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi sakafuni goti libaki limekunjika kidogo. Vaa kiatu cha soli nyembamba. Yeboyebo na ndala zitupe nyuma kabisa, si chini ya kiti chako, zisije zikatambaa hadi chini ya breki. Washa, weka gia ya kwanza, toa hendibreki, na mguu wa kulia usiguse mafuta kabisa. Sasa inua klachi.

Kuna muuguzi mmoja wa Kihonda nilimkalisha kwenye zoezi hili asubuhi nzima, alikuwa anafika pale panaposhika na kukurupuka.

"Madam, inatetemeka!"

"Hapo hapo, mdogo wangu. Usipande, usishuke. Ganda. Unaona nini?"

Akasema haoni kitu. Nikamwambia afunge redio na atazame tena. Boneti ilikuwa imenyanyuka kidogo sana, kiasi ambacho usipotafuta hukioni. Sauti ya injini ilikuwa imezama, imekuwa nzito. Sindano ya mizunguko ilitoka 800 ikaanza kuitafuta 700. Na usukani ulikuwa unamtekenya viganja. Hizo ni ishara nne, na zinakuja pamoja. Akashusha klachi, akainua tena, akaganda, akashusha. Baada ya muda akawa anapafikia huku anatazama mbele, ndipo nikamwacha aendelee kuinua. Gari ikaondoka yenyewe bila tone la mafuta. Ikiwa klachi imeachiwa yote, gia ya kwanza ya gari ile inatembea kama kilometa 6 kwa saa kwa mizunguko ya injini iliyotulia. Utaihitaji hiyo kwenye foleni.

Ukishaweza kuondoka bila mafuta, kuondoka na mafuta ni mchezo. Pandisha mpaka 1200 au 1500, inua mpaka inaposhika, gari ikianza kusogea acha klachi imalizie safari huku mafuta yakiongezeka kidogo kidogo. Anayepiga resi 3000 halafu anaachia klachi kwa huruma anasaga pleti, na harufu yake utaisikia, ina ukakasi wa kitu cha kuungua kisichofanana na mpira.

Kupanda gia

Miguu miwili ifanye kazi kwa pamoja: wa kulia unatoka kwenye mafuta, wa kushoto unashuka kwenye klachi, kwa pigo moja. Klachi ikitangulia, injini inapiga yowe kwa sababu mzigo umeondoka na mafuta bado yapo. Mafuta yakitangulia sana, gari inainamisha kichwa kabla hata hujagusa gia. Klachi ifike mpaka sakafuni. Nusu klachi ndiyo inayokwaruza gia.

Mkono ufunguke. Kwenye gari zetu za usukani kulia, gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa abiria na ya tano iko upande wako. Ya tatu na ya nne ziko katikati, na kuna springi inayoirudisha gia katikati yenyewe. Kutoka mbili kwenda tatu, watu wanakosea kwa sababu wameishika gia kwa ngumi na wanaivutia upande, wanaishia kwenye ya tano au wanarudi ya kwanza. Iguse kwa kiganja, isukume hadi fri, pale katikati ambapo hakuna gia iliyoingia, iachie springi ifanye kazi yake, halafu endelea moja kwa moja mbele.

Pale fri pana siri ya moja kwenda mbili. Pita, lakini usipite mbio. Kumbuka injini inatakiwa ishuke kutoka 2500 hadi 1350, na kushuka huko kunachukua muda. Ukiharakisha utaachia klachi injini ikiwa bado juu, na gari itaruka mbele. Ukikawia mno injini itakuwa imezama hadi chini, na gari itavutwa nyuma. Muda sahihi ni kama wa kutamka "haya" kwa utulivu. Kwenye dizeli kama Hiace au Coaster ongeza kidogo, kwa sababu flaiwili yake ni nzito na mizunguko inachelewa kushuka. Ukiachia, pita pale inaposhika kwa upole, kisha rudisha mafuta. Usiyarudishe yote kwa mkupuo.

Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba, mafundi wanaziita sinkro, zinazosuguana kidogo na gia ili kuzilinganisha spidi kabla meno hayajaingiana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoleta mfumo huo kwenye gari, mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilinganisha mwenyewe kwa kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na kwenye baadhi ya malori wanafanya hivyo hadi leo. Pete hizo zinahitaji kama nusu sekunde. Ukiweka mkono ukakuta gia inagoma kidogo, usiibamize. Isukume kwa nguvu ile ile, itaingia yenyewe. Wanaobamiza ndio wanaokula pete, na baada ya hapo gia ya pili inaanza kukwaruza kila asubuhi.

Ubadili saa ngapi? Kwa petroli isiyo na mzigo, tambarare, mimi naingia ya pili kwenye 15 au 20, ya tatu kwenye 30 na kitu, ya nne kuanzia 45 hadi 50, ya tano kuanzia 65. Lakini spidomita haijui umebeba nini. Ukiwa na watu watano na magunia ya mchele wa Ifakara unapanda kilima, hizo namba zisahau, sikiliza. Injini ikianza kunguruma kwa uzito na usukani kutetemeka, gia ni kubwa mno, teremsha moja. Ikilia kwa sauti nyembamba bila kuongeza mwendo, panda.

Kushuka gia, ambako wengi hawafundishwi

Watu wanapewa leseni wakijua kupanda gia tu. Kushuka wanaambiwa "kanyaga breki, ukisimama weka moja". Halafu wanakutana na matuta.

Chukua mfano wa tuta. Unakuja kwenye gia ya tatu, spidi 40, injini iko karibu 2000. Ukitia ya pili kwa spidi hiyo hiyo, injini inatakiwa iwe karibu 2900. Lakini wewe umekanyaga klachi na kuachia mafuta, kwa hiyo imeshuka hadi 800 inakusubiri. Ukiinua klachi, magurudumu yanailazimisha injini kuruka kutoka 800 hadi 2900 kwa kufumba na kufumbua. Pua inazama, abiria anakuja mbele, na kama barabara ina mvua magurudumu yanayovuta yanaweza kuteleza. Hapo ndipo konda anageuka kukuangalia.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ndiyo ninayowaanzishia wote: tumia breki ukiwa bado kwenye ya tatu, klachi usiiguse. Injini inakusaidia kushika. Ukifika 20 hivi, kanyaga klachi, weka ya pili, inua mpaka inaposhika, ganda kidogo, malizia. Kwa spidi hiyo gia ya pili inataka kama 1500 tu, pengo ni dogo, shingo haitikisiki. Yote hayo yaishe kabla ya tuta. Juu ya tuta klachi iwe imeachiwa na gari iko kwenye gia. Anayepita tuta amekanyaga klachi anabaki na breki peke yake, na akishuka upande wa pili bado hajui atumie gia gani.

Dawa ya pili ni ya wakati ambao hutaki kupunguza mwendo sana, kwa mfano unajiandaa kuovateki lori au kilima kimekuja ghafla. Klachi chini, mkono unaelekea ya pili, na gia ikiwa inapita fri mguu wa kulia unagusa mafuta mara moja, pigo fupi la kuipandisha injini. Unalenga ile 2900, na si lazima uipate sawasawa, ukiikaribia inatosha. Kisha inua klachi. Ukipatia, husikii chochote, sauti ya injini tu ndiyo imebadilika. Ukikosa kidogo kwa juu, gari inasukuma mbele kwa upole, na hilo ni afadhali kuliko kukosa kwa chini. Jizoeze kwanza kutoka nne kwenda tatu, pengo lake ni dogo na linasamehe.

Onyo moja: ukitoka ya tano kwenda ya nne kwenye spidi kubwa, vuta nyuma moja kwa moja na usiipeleke upande wa abiria kwa nguvu. Mkono uliokaza unaweza kuipeleka kwenye ya pili. Kwenye 90, gia ya pili inaitaka injini izunguke zaidi ya mara 6000 kwa dakika, na hiyo inakaribia au inapita uwezo wa injini nyingi za kawaida.

Vilima

Kuondoka mlimani kunawatisha watu bila sababu, kwa kuwa ni lile zoezi la uwanjani likiongezwa hendibreki. Hendibreki juu, gia ya kwanza, mafuta hadi 1500 au zaidi kidogo, inua klachi mpaka boneti inyanyuke na nyuma ya gari ichuchumae. Hapo gari inataka kwenda na hendibreki ndiyo inayoizuia. Ishushe. Haitarudi nyuma. Ikirudi, hukuwa umefika inaposhika, kwa hiyo kanyaga breki uanze upya, bodaboda aliyekuganda nyuma atasubiri. Usiwe na tabia ya kuishikilia gari mlimani kwa klachi huku unasubiri foleni isogee. Kuna madereva wanaona huo ni ufundi. Fundi wao wa klachi ndiye anayefurahi.

Kuteremka ni habari nyingine. Ukitoka huku Morogoro ukapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, unafika Kitonga, unapanda kona juu ya kona kuelekea Iringa. Kurudi ndiyo mtihani. Chagua gia kabla ya mteremko kuanza, wakati bado una utulivu: kwa gari ndogo ya tatu, na ya pili kwenye kona kali. Ukiachia mafuta, injini itaishika gari yenyewe, na breki utaigusa kwa vipindi tu. Kuteremka fri ili kuokoa mafuta ni ujinga wa bei mbaya. Breki zinabeba uzito wote, zinapata moto na zinaacha kushika. Injini ikizima huko chini, baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kwa sababu kisaidizi cha breki kinategemea injini. Tena gari za kisasa zenye injekta, ukiteremka kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, zinakata mafuta zenyewe. Kwa hiyo hata hesabu ya kuokoa haipo.

Foleni, rivasi na hali ya klachi

Kwenye foleni ya kuingia Dar, kuanzia Kibaha hadi Kimara na kuendelea, mguu wa kushoto unateseka kwa sababu dereva anamfuata wa mbele hatua kwa hatua. Acha nafasi. Ikifika kama urefu wa gari mbili, weka gia ya kwanza, achia klachi yote, tembea ile kilometa 6 kwa saa bila kugusa kitu. Watakupigia honi. Wengine watajichomeka. Foleni itafika mjini saa ile ile. Mkisimama kabisa, weka fri, vuta hendibreki, mguu utoke kwenye klachi. Kuukalisha mguu juu ya pedali, hata kwa kuigusa tu, kunaifanya beringi ya klachi izunguke muda wote chini ya mzigo, nayo kuibadili ni kushusha giaboksi nzima.

Rivasi kwenye gari nyingi haina sinkro. Simama kabisa, kanyaga klachi, hesabu mbili, ndipo uiweke. Ikikwaruza, ingiza kwanza gia yoyote ya mbele ukiwa bado umekanyaga klachi, kisha rudi rivasi. Sinkro ya gia ya mbele itakuwa imesimamisha kinachozunguka.

Na kabla hujajilaumu kwa kila mshtuko, pima klachi yenyewe. Barabara ikiwa wazi, tembea 50 kwenye gia ya nne, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Mizunguko na mwendo vinatakiwa vipande pamoja. Mizunguko ikiruka juu na gari ikabaki pale pale, pleti imeisha na hakuna mguu utakaoitibu. Ikiwa tatizo ni gia kuwa ngumu kuingia injini ikiwaka, lakini ikizimwa zinaingia laini zote, basi klachi haiachii yote. Anza kwa kuangalia mafuta ya klachi kwenye kikopo chake karibu na kile cha breki, na kama gari yako inatumia kebo, mwambie fundi aikaze kabla hajakushawishi kushusha giaboksi.